Pell Grant haiji yote mkononi

Wengi wanaoanza chuo Marekani hudhani Pell Grant (msaada wa masomo wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji) ikishaidhinishwa, hela yote ni yao. Sivyo. Inapitia chuoni kwanza: ada inakatwa, kisha unapewa salio, kwa kawaida ndani ya siku 14. Tena kiasi chenyewe hufuata masomo uliyojiandikisha: krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 kwa muhula ni asilimia 100, 9 ni 75, 7 ni 58. Kwa mwaka 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395, kama 3,697 kwa muhula. Ukifuta kozi moja mapema ukabaki na krediti 9, inashuka hadi kama 2,773. Salio ulishanunulia simu? Chuo kitakudai. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini.