Panya Hakukandwa: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Joto na Uvimbe wa Titi

Miezi hii miwili, kila siku ya kliniki hapa kwetu nje kidogo ya Ujiji, lazima mama mmoja anitolee simu. Ujumbe ni uleule. Unasema wanasayansi wametibu saratani ya panya kwa joto, kwamba joto huamsha askari wa mwili, kwa hiyo mwanamke aliyeona kivimbe kwenye titi akande kwa maji ya moto mara tatu kwa siku, mwezi mzima, kabla hajakimbilia hospitali "kukatwa".

Nusu ya kwanza ya ujumbe huo ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili inaua watu. Mimi ni muuguzi, si mtafiti, ila nimesoma ya kutosha kuwajibu.

Huo utafiti wa panya ni wa kweli?

Ni wa kweli. Ulifanyika Buffalo, Marekani, na ukachapishwa mwaka 2013. Panya wa maabara kwa kawaida hufugwa kwenye chumba cha nyuzi 22 hivi. Kwako wewe uliyezoea joto la Kigoma hiyo ni hali ya kujifunika shuka. Kwa panya, mnyama wa gramu 20 au 30 tu, ni baridi ya kumtesa mchana na usiku. Watafiti wakawaweka panya wengine kwenye nyuzi 30, joto ambalo mwili wa panya haupati taabu. Wote wakapandikizwa uvimbe wa saratani. Wale wa chumba cha joto, uvimbe wao ulikua polepole zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu ya chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kutafuta seli zilizoharibika na kuziua. Panya anayetetemeka anatumia nguvu nyingi kujipasha moto, na homoni za taharuki zinazomwagika mwilini mwake huzizubaisha seli hizo. Akiondolewa baridi, zinafanya kazi vizuri zaidi. Walipojaribu kwa panya wasio na seli T, tofauti ya baridi na joto ikapotea. Ndipo wakajua ni kinga ya mwili iliyofanya kazi, wala si joto lenyewe kuuchoma uvimbe.

Sasa someni tena hapo juu. Panya hakukandwa. Hakuna aliyemwekea kitambaa cha moto. Joto la mwili wake lilikuwa lilelile kwenye vyumba vyote viwili. Aliondolewa baridi, basi. Na uvimbe wake haukupona. Ulichelewa.

Lakini kuna panya wengine waliopashwa moto kweli, nimesoma.

Umesoma vizuri. Hao walipandishwa joto la mwili mzima hadi kama nyuzi 39.5, sawa na mtu mwenye homa kali, wakakaa nalo saa 6. Ikaonekana chembe nyeupe zinatoka kwenye damu na kuingia kwenye tezi za limfu kwa wingi zaidi. Tezi hizo ndizo zile zinazovimba kinenani au kwapani ukiwa na kidonda, mnaziita mitoki. Ni kama kituo ambapo askari huenda kuonyeshwa sura ya adui kabla ya kwenda doria. Ndiyo maana mwili wenyewe hupandisha homa ukiugua. Homa ina kazi yake.

Ni elimu nzuri, na siku moja inaweza kuzaa dawa. Sina dharau na panya hata kidogo. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Lakini panya wa maabara anapashwa moto mwili mzima huku akipimwa, uvimbe wake umepandikizwa juzi, na mtafiti anajua siku na ukubwa wake. Wewe uvimbe wako umeanza lini? Hujui. Mimi pia sijui, mpaka upimwe.

Basi nikande kwanza, nikiona haupungui nije?

Hapana.

Wiki mbili tu?

Hapana. Na nitawaambia kwa nini nakuwa mkali hapa.

Mwezi uliopita alikuja mama kutoka kijiji cha kando ya ziwa. Alikaa kwenye benchi, akafungua kanga, na kabla sijaona chochote nikasikia harufu ya mawese. Ngozi ya titi la kushoto ilikuwa nyeusi na inang'aa, na juu yake alama ya kuungua iliyonyooka pembeni, umbo la kitambaa kilichokunjwa mara nne. Alikuwa anakaanga chumvi ya Uvinza kwenye kikaango, anaifunga kwenye kitambaa, anabandika. Asubuhi na jioni, hakuacha hata siku moja. Chini ya kovu lile nikapapasa uvimbe mgumu, hausogei, mkubwa kama limau. Kwapani kulikuwa na mitoki mitatu, nayo migumu.

Nikamuuliza ulianza lini. Alihesabu kwa namna ya watu wa mwaloni: magiza manane ya kuvua dagaa yamepita. Ulipoanza ulikuwa kama punje ya maharage.

Mama huyo si mzembe. Mtu anayekaanga chumvi mara mbili kwa siku kwa miezi minane ana bidii kuliko wengi wetu. Bidii yote ile ingemfikisha hospitali siku ya kwanza. Kwa hiyo ukiniuliza tena kama ukande wiki mbili, jibu langu ni hapana, kwa sababu sijawahi kuona wiki mbili zikabaki mbili. Uvimbe hauumi, unapata nafuu ya kufikirika, mavuno yanaanza, mtoto anaumwa, na wiki mbili zimekuwa mwaka.

Kwa nini joto la kitambaa lisifike kwenye uvimbe?

Titi limejaa mafuta, na mafuta hayapitishi joto kirahisi. Chini ya ngozi kuna damu inayopita muda wote na kulibeba joto kulipeleka kwingine, ndiyo kazi yake. Ngozi itaungua kabla uvimbe haujajua kuna jambo linaendelea huko nje. Ukizidisha, unapata kidonda juu ya uvimbe, na kidonda hicho kinatuchelewesha sisi pia: daktari wa upasuaji hapendi kukata ngozi iliyoungua.

Mbona kuna nchi wanatibu saratani kwa joto?

Wapo, ndiyo. Uholanzi walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka mwaka 2000. Kwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwishaenea nyongani, waliopata mionzi peke yake, 27 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliopata mionzi pamoja na joto, 51. Hiyo si tofauti ndogo.

Lakini tazameni: mionzi walipata wote. Joto lilikuwa nyongeza. Lilitolewa kwa mashine inayopeleka joto ndani kabisa ya nyonga, hadi nyuzi 40 na kitu, huku vipimajoto vikiwa ndani ya mwili wa mgonjwa na wataalamu wamesimama pembeni. Mashine hiyo na chumvi kwenye kikaango vinafanana jina la joto tu.

Nimesikia hata homa ya malaria iliwahi kuwa dawa.

Hili aliniuliza baba mmoja mwalimu mstaafu, na nilifurahi kweli. Ni kweli. Mwaka 1917 huko Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg alianza kuwaambukiza malaria wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye ubongo, homa iwapande, kisha akawapa kwinini. Mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, wengine malaria yenyewe iliwaua, na penisilini ilipokuja mtindo huo ukaachwa.

Ilikuwa kaswende, si uvimbe. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani kwetu wana vimelea vya malaria. Kama homa ya malaria ingekuwa inayeyusha uvimbe, Kigoma tusingekuwa na mgonjwa wa saratani hata mmoja.

Na kwa kuwa tumegusa homa: mtoto mwenye homa haviringishwi blanketi ili "jasho limtoe ugonjwa". Mvue nguo nzito, mpe maji, mlete apimwe malaria siku hiyohiyo.

Kila kivimbe ni saratani?

Hapana, vingi si saratani. Ndiyo sababu nyingine ya kuja: uwezekano mkubwa ni kwamba utarudi nyumbani ukicheka. Vidole vyangu haviwezi kutofautisha kwa uhakika, wala vya mama mkwe, wala vya mganga. Kinachotofautisha ni ultrasaundi na kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa.

Dalili gani nisizilaze hata usiku mmoja?

Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi. Hapa mnanishangaza kila siku: "Nesi, hauumi, ndiyo maana sikuja." Mwanzoni saratani ya titi mara nyingi haiumi! Ule unaouma ndio unaokuleta mbio, na mara nyingi ndio usio na ubaya mkubwa. Vilevile chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati zamani ilitoka vizuri, damu kutoka kwenye chuchu, ngozi iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa, titi moja kubadilika umbo au kidonda kisichopona.

Ninanyonyesha, titi limejaa na linauma. Nisikande?

Hiyo ni habari nyingine. Titi lililojaa maziwa, kitambaa cha uvuguvugu kidogo kabla ya kunyonyesha kinasaidia maziwa kushuka, na dawa kubwa ni mtoto kunyonya. Uvuguvugu, si moto. Ukiwa na homa, au pamekuwa pekundu na panadunda, hilo linaweza kuwa jipu na linataka dawa au kupasuliwa. Na uvimbe ukibaki palepale wakati mtoto ameshanyonya na titi ni laini, usijidanganye kuwa ni maziwa yameganda. Njoo.

Wanasema kisu kikigusa uvimbe, unasambaa.

Wanasema kwa sababu wamemwona jirani aliyekatwa akafa. Jirani huyo alifika lini? Alifika uvimbe ukiwa umeshatoka titini, umepita kwapani, umefika kwenye mapafu au mifupa. Hakuuawa na kisu. Aliuawa na ile miaka miwili ya mizizi, mawese na maombi kabla ya kisu. Maombi sikatazi, hata mimi naomba. Omba ukiwa kwenye foleni ya ultrasaundi.

Sindano ya kuchukua kinyama nayo wanaisingizia hivyohivyo. Bila kinyama hakuna anayejua ni saratani ya aina gani, na bila kujua aina, dawa inatolewa kwa kubahatisha.

Na nikikanda huku nikisubiri siku ya rufaa?

Hapana! Mnalizunguka swali lilelile kama kuku anayezunguka banda. Usikande kabla, usikande wakati unasubiri, usikande baada ya kuchukuliwa kinyama. Ukisikia maumivu niambie, nina dawa za maumivu.

Nikikutwa nayo, nitapelekwa wapi?

Utaanzia kwetu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ikihitajika mionzi, wengi wa huku huenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Najua ni mbali, najua nauli, najua nani atabaki na watoto. Uvimbe wa punje ya maharage mara nyingi hukatwa na matibabu yakawa mafupi. Uvimbe wa limau wenye mitoki unataka dripu za dawa za saratani, upasuaji, mionzi na safari zisizohesabika. Anayeogopa gharama ndiye anayetakiwa kuja mapema kuliko wote.

Mume wangu hataki nishikwe titi na daktari mwanaume.

Njoo naye. Atakaa ndani, aone. Mara nyingi nikimshikisha mume uvimbe kwa mkono wake mwenyewe, ndiye anayeuliza gari linaondoka saa ngapi.

Nikija kupimwa nije na nini?

Kadi ya bima kama unayo, karatasi zozote za vipimo vya zamani, na mtu mmoja wa kukusikilizia, maana ukiogopa unasikia nusu. Ukiweza kuchagua, njoo kama wiki moja baada ya hedhi kuanza, titi linakuwa laini na ni rahisi kulipima. Huwezi, njoo tu. Oga kwa maji na sabuni. Na asubuhi hiyo, tafadhali, usijipake mawese. Nahitaji kuiona ngozi.