Maiti Isubiri, Tuanze na Ndoo

Miswada mingi ya riwaya za taharuki za vijana, kuhusu uonevu wa shuleni, ninayohariri hapa Moshi huanza na maiti. Ukurasa wa kwanza mtu kakutwa nyuma ya bweni, ukurasa wa tatu tumeshaambiwa nani alikuwa akimtesa, na tangu hapo msomaji hana cha kuogopa. Siwalaumu. Tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wapelelezi wa riwayani, watu wazima wanaoingia hatarini na kutoka. Mwanafunzi wa kidato cha pili hatoki. Kengele ikilia atapanda dabo deka ileile, na chini yake amelala yuleyule anayemtesa.

Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: dhamira ya kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Mhariri akisoma hapo anaganda kwenye hilo la pili. Kofi moja ni tukio. Kofi ambalo msomaji anajua litarudi Jumatano baada ya prepo, hiyo ndiyo taharuki, na hujaua mtu bado.

Nitoe mfano wangu, ingawa haunipendezi. Nilisoma shule ya bweni huko mlimani, na tulikuwa tukipanga ndoo bombani tangu alfajiri. Katikati ya muhula alihamia msichana mgeni. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Akishaweka ndoo yake na kurudi bwenini, ya nyuma yake ilisogezwa kidogo, na ya nyuma ya hiyo nayo, hadi yake ikajikuta nje ya mstari. Aliyeanzisha ni dada aliyependwa na bweni zima, mcheshi, mkarimu wa karanga na blubendi. Mimi nilisogeza yangu siku ya pili. Sikuwa na chuki na yule mgeni hata chembe. Niliogopa tu kwamba nisiposogeza, inayofuata kutolewa ni yangu.

Waandishi wangu humchora huyo dada kama shetani. Wanakosea, na wanapoteza riwaya. Anayependwa na wote ana hofu kuliko wote, maana kila asubuhi lazima ahakikishe bado anapendwa. Mwandishi Mmarekani Robert Cormier alilijua hilo. Katika riwaya yake The Chocolate War, ya mwaka 1974, Archie ndiye anayewatungia wanafunzi wenzake amri za kundi la siri la shule. Lakini kila akitoa amri huletewa kisanduku chenye gololi sita, tano nyeupe na moja nyeusi. Akichomoa nyeusi, amri hiyo ataitekeleza mwenyewe. Kwa hiyo hata mbele ya mtesi tunabana pumzi.

Bado anayenivutia zaidi ni wa tatu, si mtesi wala anayeteswa: anayecheka akiwa amechelewa kidogo, baada ya kutazama kwanza kama wenzake wanacheka. Mpe huyo usimulizi. Anajua kilichotokea, ana sababu ya kukaa kimya, na kimya chake kina bei, kwani akisema anapoteza kundi. Mpelelezi wa nje anauliza nani kaua. Huyu anajiuliza leo atakula na nani. Kwangu swali la pili ndilo zito, na kwa msomaji wa miaka 15 nadhani halina mpinzani.

(Kuna na likizo ya Desemba, ambayo sijui kwa nini hamuiandiki. Simu zilizopigwa marufuku shuleni zinarudi mikononi, magari yanapanda kutoka Dar, binamu wanakutana Kibosho na Marangu, na picha iliyopigwa bwenini inaanza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp huku bibi akigawa ndizi. Mtu atakimbilia wapi?)

Binti mmoja wa Majengo nimemrudishia mswada wake mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, kwa adabu lakini amekunja uso, "Kwani dada, bila maiti nani atafungua ukurasa wa pili?" Juzi kauleta tena. Maiti imehamia sura ya sita. Mwanzoni sasa ni saa kumi na moja alfajiri, bomba linadondosha, kuna ndoo ya njano peke yake kwenye matope, na msimulizi ni wa nne kwenye foleni. Nimeshafika ukurasa wa arobaini.