Tathmini ya wanaojidunga: hatuji kukamata mtu

Tangu maandalizi ya tathmini ya wanaojidunga dawa za kulevya yaanze hapa Kigoma Ujiji, simu tunazopokea ni za namna mbili. Mzazi anaomba tumchukue mwanawe. Mwenyekiti wa mtaa anaapa kwamba kwake hakuna mateja. Wote tunawashukuru, lakini hiyo siyo kazi inayofanyika.

Tunachotafuta ni wanaojidunga wako wapi, wanajidunga nini, bomba la sindano wanachangia na nani, na kwa nini hawafiki kituo cha afya. Mkoa usiojua hayo huomba dawa na watumishi kwa kukisia. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 baada ya tafiti kuonyesha jinsi VVU vilivyoenea miongoni mwa wanaojidunga Dar es Salaam.

Karibu na mwalo wa Kibirizi kijana mmoja alinionyesha bomba lake, namba za pembeni zimefutika kwa kushikwashikwa, amelizungushia kipande cha nailoni. "Nalisuuza na maji ya ziwa," akaniambia, bila wasiwasi wowote. Maji hayaui virusi. Maabara imeonyesha kwamba virusi vya homa ya ini aina ya C vinaweza kuishi ndani ya bomba lililotumika hadi siku 63. Hupita pia kwenye kijiko na pamba, hata kama kila mtu ana sindano yake.

Utaratibu ni huu. Tunaanza na wachache wanaoaminiwa na wenzao. Kila mmoja huhojiwa faraghani, kisha hupewa kuponi tatu zenye namba awape watu watatu anaofahamiana nao na wanaojidunga. Mwenye kuponi huja nayo mwenyewe. Haiuzwi, haitumiki mara mbili, na iliyotolewa kopi haipokelewi. Fomu ina namba, haina jina. Kupima VVU na homa ya ini ni kwa ridhaa, na majibu hupewa mhusika peke yake. Si mama yake, si mjumbe. Hili nimeshalijibu mara nyingi mno.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kutumia ni kosa, kukutwa nazo ni kosa, biashara yake inaweza kukufikisha kwenye kifungo cha maisha, na mwenye nyumba anayeruhusu chumba chake kitumike naye hushtakiwa. Taarifa za wauzaji zipelekeni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa namba 119, ni bure. Msimpe mhojaji. Hana pa kuzipeleka, na vijana wakisikia hawamkaribii tena.

Wenyeviti, nawasihi msitangulie maskani kabla yetu, wala msitume mgambo "kusafisha njia". Mtaa mmoja walifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Tulipofika, mshumaa ulikuwa bado unafuka moshi, mabomba mawili yako chini, na hakukuwa na mtu wa kuhoji.