Kebo ya hendibreki: kukaza nati si kutengeneza

Tangu kusi ianze kuvuma, wenye magari wa Malindi wanatuletea lalamiko lile lile: gari limefeli ukaguzi kwa hendibreki, ilhali "juzi tu nimeikaza." Sina shaka umeikaza. Hapo ndipo penye tatizo.

Kuna dhana inayotuchosha sisi wakaguzi, kwamba Malindi ni tambarare na kwa hiyo hendibreki ni pambo. Mtu huweka gia, husukuma jiwe nyuma ya tairi, akaenda zake sokoni. Mwulize basi anayeshusha mashua kwa trela pale ufuoni. Gari la otomatiki likiwa kwenye P hushikwa na kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na likigongwa kwa nyuma kijino hicho chaweza kuvunjika. Isitoshe, hendibreki ya kebo haitegemei mafuta ya breki. Siku mafuta yamevuja na pedali imezama hadi sakafuni, ndiyo pekee utakayobaki nayo.

Adui wetu huku pwani ni chumvi. Kebo ni nyuzi za chuma zilizosokotwa na kupitishwa ndani ya ala iliyovikwa plastiki. Plastiki ikipasuka, unyevu wa chumvi huingia na hautoki, kutu huvimba, waya hugoma kurudi. Kuna nyumba kule Casuarina ambako mwenyewe husafiri kwenda Italia miezi mingi na kuliacha gari hendibreki ikiwa juu. Akirudi, magurudumu ya nyuma yamegandamana. Gari la kulala muda mrefu lisimamishe mahali pa sawa, tia gia, zuia tairi kwa kabari za mbao, hendibreki iache chini.

Kubadilisha kebo nyumbani hakukatazwi. Habari za jeki sitazieleza, ila anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bila stendi, bora aiweke spana chini.

Kwanza legeza nati ya kurekebisha kule kwenye mkono wa hendibreki. Nunua kebo zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwani ukiweka mpya upande mmoja, upande huo utavuta kuliko mwenzake na mashine ya rola, ile tunayopimia breki za kila gurudumu, itasema. Ya zamani ikitoka, ilaze sakafuni pamoja na mpya uone kama urefu na vichwa vinalingana. Pale inapopenya bamba la nyuma ya ngoma ya breki, kebo hushikwa na vijimeno vya chuma. Watu huvipiga nyundo, sijui kwa nini. Pitisha spana ya ringi inayobana, mara nyingi namba 12 au 13, kutoka upande wa ndani, na vyote vitajikunja pamoja. Vumbi la laini, ule utando wa breki unaosugua ngoma, usilipulize, lipanguse kwa kitambaa kibichi, kwani laini za zamani huweza kuwa na asbesto. Kebo mpya ifuate njia ile ile na vishikizo vyake vyote. Ikiachwa iguse ekshozi, plastiki itayeyuka.

Sasa kosa kubwa. Breki shuu, vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani, hurekebishwa kwanza, kwa ajasta, kile kigurudumu chenye meno ndani ya ngoma, mpaka zikaribie kugusa. Kebo hurekebishwa mwisho. Ukikaza kebo kufidia shuu zilizokwisha, shuu hazirudi mahali pake, ajasta haifanyi kazi, na utasugua ngoma kutoka mjini hadi Mambrui. Ukishafunga, vuta na kuachia mkono mara kumi hivi ili kebo ijinyooshe, kisha rekebisha tena. Idadi ya milio ya "ka-ka" mkono unapovutwa ifuate kitabu cha gari. Magari mengi madogo ni kati ya 5 na 8. Ukiachia, tairi zote mbili zizunguke kwa mkono bila kukwama.

Gari lenye hendibreki ya umeme, ya kitufe badala ya mkono, lipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta ya kurudisha mota nyuma. Usilazimishe.

Kuhusu sheria, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri. Ukikiuka, kifungu cha 58 kinaweka faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Haisaidii kusema gari ni la kwenda msikitini tu. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Nafasi huombwa na kulipiwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Hakuna malipo ya mkononi, narudia, hakuna. Fika na risiti, gari likiwa tupu na limeoshwa chini, maana kebo iliyofunikwa na tope hatuioni, na tusichokiona hatukipitishi. Likifeli utapewa orodha ya kasoro. Tengeneza zote ndipo urudi, usitengeneze moja ukaja kubishana juu ya nyingine. Kipimo chetu ni KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari. Mkaguzi hakukitunga asubuhi ile.

Ndugu zetu wa tuktuk, nanyi mna hendibreki. Lile jiwe mnalolifunga kamba na kulihifadhi chini ya kiti tumeliona, na halimo katika orodha ya ukaguzi.