Kuta za Zimbabwe Kuu kwa macho ya watu wa shaba

Safari yetu ya Zimbabwe Kuu, magofu ya mawe ya kale nchini Zimbabwe, haikuanzia mpakani Kasumbalesa. Ilianzia hapa Lubumbashi, ndani ya makumbusho, mbele ya misalaba ya shaba. Watoto niliwasimamisha pale mpaka wakaanza kuvutana nguo. Kazi yangu ni akiolojia ya shaba ya kale, na nimeona mara nyingi mtu akifika kwenye magofu bila kujua anatafuta nini: anaona mawe, anapiga picha, anarudi.

Misalaba hiyo kila mtu wa Katanga anaijua kwa sura. Mitatu ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Lakini katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, tunaikuta mahali pake pa zamani. Kwanza ni mikubwa na michache, imelazwa kifuani mwa marehemu. Karne zinavyosonga inakuwa midogo, mingi, ya vipimo vinavyokaribiana. Kitu cha heshima kinageuka pesa. Shaba yake iliyeyushwa kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi kutoka kwenye malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu wanalichonga mpaka leo.

Tulikuwa sita garini: mimi na mume wangu, watoto watatu, na kambo yao, mama mkwe wangu, ambaye Kibemba chake kilitusaidia sana huko Zambia. Bukari, ugali wetu, ikawa nshima, mbele ikawa sadza, na mdogo wetu akaila kwa majina yote matatu. Njia nzima tulikuwa nyuma ya malori yaliyobeba shaba kwenda bandarini.

Kabla ya kuvuka Zambezi pale Chirundu niliomba tusimame kivulini, maana kituo muhimu kuliko vyote kwangu hakikuwa na ukuta wowote. Upande wa Lusitu, si mbali na mto, kuna mahali panaitwa Ingombe Ilede, yaani ng'ombe aliyelala, kwa ajili ya mbuyu ulioegemea chini. Mwaka 1960 yaligunduliwa makaburi pale. Waliozikwa walivishwa shanga na dhahabu. Pembeni yao kulikuwa na misalaba ya shaba, vifaa vya kuvutia nyuzi za shaba, na kengele za chuma zisizo na ulimi, za kugongwa kwa fimbo, kama zile za machifu wa Kongo.

Hapa nawaomba wenzangu wa Katanga tusijivune kupita kiasi. Si kila msalaba ulioonekana kusini ulitoka kwetu. Kaskazini mwa Zimbabwe kulikuwa na machimbo yake ya shaba, na ni vipimo vya maabara, vya madini ya risasi kidogo yaliyojificha ndani ya shaba, vinavyotenganisha chimbo na chimbo. Ila njia ilikuwepo, na watu waliipita kwa miguu.

Masvingo, mji ulio karibu na magofu, tulilala siku mbili. Mji ulianzishwa 1890 kwa jina la Fort Victoria. Jina la sasa linatokana na neno la Kishona la kuta za mawe. Nje kidogo kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Italia miaka ya 1940. Kambo alisali pale muda mrefu, nasi tukamngoja.

Kisha kuta zenyewe. Ukuta wa nje wa boma kubwa una mzunguko wa karibu mita 250, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikisha. Niliwaambia watoto watazame kwa pembeni, wakaona unavyolala kidogo kwa ndani kadiri unavyopanda. Kulala huko ndiko kunakouweka wima, pamoja na uzito wake mwenyewe. Mawe ni granite ya vilima vya pale pale. Jua la mchana na baridi ya usiku hubandua mwamba tabaka kwa tabaka, na wajenzi waliongeza kasi kwa moto na maji. Matabaka hayo hupasuka kuwa vipande vya unene unaofanana, kama matofali.

“Mama, paa liko wapi?” aliuliza wa pili. Swali zuri sana. Paa halikuwepo. Kuta zilizunguka nyumba za udongo zenye mapaa ya nyasi, na nyumba hizo ndizo zilizoyeyuka kwa mvua.

Kambo yeye alinyoosha kidole juu, kwenye pambo la mawe yaliyopangwa zigizaga upande wa kusini-mashariki. “Huu ni mkeka,” alisema. Sina ushahidi wa kumpinga.

Karl Mauch, Mjerumani aliyefika 1871, alilinganisha kipande cha mbao cha mlangoni na penseli yake, akaamua ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo kazi ya Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa wa huko huko. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba hadi chini ya mnara wa mviringo, akathibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Hata hivyo serikali ya Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, iliendelea kuusonga ukweli huo, na mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyeusema wazi, aliondoka nchini 1970. Jambo hili linaniuma, na sikuona sababu ya kuwaficha watoto.

Ndani ya magofu hayo ziliokotwa kengele za chuma za namna ile ile ya Ingombe Ilede, vyombo vya China, na sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14. Niliyaeleza haya kwa Kiswahili, lugha ya pwani ile ile, iliyofika kwetu Katanga karne nyingi baadaye.

Wakati wa kurudi, binti yangu mkubwa aliuliza: kama shaba ilikwenda, kwetu kilirudi nini? Nilimwambia kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi, na shanga za kioo. Zimo kwenye makaburi ya Sanga, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Jumamosi hii tunarudi makumbusho, na safari hii ni yeye aliyeomba.