Watoto wadogo tamashani Nairobi: yanayosemwa na yalivyo

Wifi yangu alipanda treni Mombasa na wanawe wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine miezi minane, waje tamasha la Jumamosi. Kufikia Alhamisi kila mtu kwenye ukoo alikuwa mtaalamu. Kuna waliosema ya maana. Haya hapa ni yale mengine.

"Akilala, kelele haimsumbui"

Niliisikia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote. "Wifi, akisinzia si tumepona?" Hatujapona. Mtoto hufumba macho, lakini masikio hayana kope. Sauti huendelea kuingia na kuchosha vile vinywele vya sikio la ndani, na vikishakufa havioti tena.

Hesabu inayotumiwa sana kwa watu wazima makazini ni hii: desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, basi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15, na karibu na jukwaa 100 hufikiwa bila shida. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kumbi na matamasha mwaka 2022, wastani wa desibeli 100 ndio uliowekwa kuwa ukomo. Kwa wanaosikiliza kwa hedfoni, shirika hilohilo humpa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, mtoto 75 tu. Tena tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo na fupi, kwa hivyo sauti nyembamba humfikia kwa nguvu zaidi kuliko wewe uliyembeba.

Na pamba? Hupunguza kidogo mno. Vile vizibo vya sponji vya kusokota navyo mtoto mdogo atavichomoa na kuvitia mdomoni, hapo sasa una shida mbili. Kinachofaa ni vikinga vinavyofunika sikio lote, vinavyofanana na hedfoni. Vya watoto wachanga huwa na mkanda laini wa kuzunguka kichwa. Mvalishe nyumbani siku mbili tatu kabla, akiwa anacheza, la sivyo atavirusha langoni mbele ya mabaunsa.

Ila hata hivyo besi hupenya, ndiyo maana umbali unashinda vifaa vyote. Uwanjani, ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hushuka karibu desibeli 6. Tazama juu kabla ya kutandika shuka: matamasha makubwa husimamisha spika nyingine katikati ya uwanja, unadhani umekimbia jukwaa kumbe umejipeleka chini ya mlingoti wa pili. Mimi nikilazimika kumpazia sauti mtu aliye umbali wa mkono, tunahama. Na wale akina baba wanaowabeba watoto mabegani "waone vizuri" huwa wanawainua hadi usawa wa spika.

"Jua la Nairobi si la Mombasa"

Kweli si la Mombasa. Hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na miale inayounguza huongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Upepo baridi ndio unaodanganya. Mawingu mepesi nayo huipitisha sehemu kubwa. Ngozi nyeusi ina kinga yake lakini haizuii yote, na mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi hata kupakwa losheni ya jua: mweke kivulini, mnyonyeshe mara kwa mara, wala usimpe maji.

Halafu jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na Nairobi inageuka. Usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi 12. Wifi alikuja na kanga tatu na sweta sufuri.

"Ni pikiniki tu, watu wanakaa nyasini"

Tangu Blankets & Wine ianze mwaka 2008, Wanairobi tumezoea kutandika shuka na kusikiliza bendi, basi tukaona kila tamasha la nyasini ni la familia. Soma tiketi. Mengine ni ya miaka 18 na zaidi, na sheria ya vileo ya 2010 hairuhusu aliye chini ya umri huo kuingia sehemu pombe inaponywewa. Utarudishwa langoni na mtoto mgongoni.

"Smoki pasua ni laini, haiwezi kumkaba"

Soseji hiyo imepasuliwa katikati ikajazwa kachumbari, lakini mtoto akiing'ata hupata kipande cha mviringo, chenye kuteleza, saizi ya koo lake. Ikate vipande vyembamba kwa urefu. Njugu na bisi mnyime kabisa, hasa akiwa anarukaruka.

"Mwandike jina lake mkononi, akipotea watamjua"

Andika namba yako ya simu, jina liache. Mgeni anayemwita mtoto kwa jina huaminika haraka mno. Namba yetu tuliiandika kwa biki, ikafutika kwa jasho na aiskrimu kabla ya saa kumi. Safari ijayo ni karatasi ndani ya selotepu, imeshonwa kwenye pindo la mkono. Mwonyeshe mtu mwenye sare utakapoingia, si utakapompoteza. Namba ya bure ya kusaidia watoto Kenya ni 116.

"Tumelipia, tutakaa mpaka mwisho"

Bango linasema saa nane mchana, lakini msanii mkuu Nairobi hupanda jukwaani usiku. Mtoto wa miaka minne huwa amekwisha saa moja jioni, na baada ya hapo unamtunza mtu mwingine kabisa. Tuliondoka kumi na mbili kasoro. Wifi alinuna hadi Lang'ata Road, tukiwa tumekwama kwenye foleni, aliposikia kwa mbali watu wakishangilia. Akashusha kioo kidogo. Mkubwa, ambaye hakuwa amemsikiliza msanii yeyote mchana kutwa, alikuwa bado anasimulia habari za yule jamaa wa kupuliza mapovu ya sabuni.