Jamani, sio kila "Siku ya Duniani" imetangazwa na UN

Kazi yangu ni kusimamia kurasa za biashara za watu, maduka, migahawa, saluni mbili tatu, na kama kuna meseji sitaki tena kuikuta asubuhi kwenye simu ni hii: "Leo ni siku ya kitu fulani duniani, UN wametangaza, tuwekee posti fasta." Nimeletewa hivyo Siku ya Taulo, Siku ya Kuongea Kama Maharamia, Siku ya Wanaume, na kila nikiuliza nani kakwambia ni UN naambiwa si imeandikwa "Duniani", sasa nani mwingine?

Yeyote tu! Neno "Duniani" halina mwenyewe. Wewe ukiamua leo kwamba kesho ni Siku ya Kandambili Duniani, ukatengeneza picha nzuri na watu wakaifowadi, hakuna ofisi New York itakayokuzuia wala itakayokupa kibali. Siku ya UN ina njia yake, nchi inapeleka pendekezo, Baraza Kuu linapitisha azimio, na azimio linapewa namba inayoanza na A/RES. Siku ya Baiskeli, 3 Juni, ni A/RES/72/272 ya mwaka 2018. Zipo pia zinazotangazwa na mashirika yake kama UNESCO, nazo zina azimio lake. Kwahiyo ukiniletea siku niletee na azimio, na orodha yote iko kwenye tovuti ya UN, kuitafuta hata vocha ya mia tano haiishi.

Sasa wengi wakishaelewa hapo wanarukia kosa la pili, wanapima kwa kuchekesha, yaani ikiwa ya kuchekesha basi ni ya mtaani na ikiwa na sura ya heshima basi ni ya UN. Kipimo hicho kinadanganya vibaya sana. Chukua 19 Novemba. Siku hiyo kuna Siku ya Choo Duniani, na watu wanacheka, wanadhani kuna mtu kaamua kuchezea watu akili, kumbe ndo ya UN kabisa, A/RES/67/291 ya mwaka 2013, kabla ya hapo ilikuwa inaadhimishwa tangu 2001 na shirika lililoanzishwa na Jack Sim wa Singapore, na ajenda yake ni watu kuwa na choo salama, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia uswahilini mvua zikinyesha na vyoo vikafurika hahitaji kuelezwa. Tarehe hiyo hiyo kuna Siku ya Wanaume, ambayo kila mwaka wateja wanaitaka na nembo ya UN pembeni, wakati haikutoka Baraza Kuu. Ilishika kasi mwaka 1999 kule Trinidad na Tobago kupitia mhadhiri wa historia, Jerome Teelucksingh, na tarehe aliichagua kwa sababu ni birthday ya baba yake. Kuna Siku ya Jodari, 2 Mei, na Siku ya Jamii ya Kunde, 10 Februari, zote mbili za UN. Kwahiyo maharage yana azimio, wanaume hawana.

Na ile ya maharamia, 19 Septemba? Wamarekani wawili, John Baur na Mark Summers, mwaka 1995 walikuwa wanacheza mpira wa raketi huko Oregon, wakaanza kutaniana kwa lafudhi ya maharamia, wakanogewa, wakasema hii iwe siku. Tarehe walichukua birthday ya mwanamke aliyekuwa mke wa Summers wakaachana, maana tarehe hiyo tayari alikuwa nayo kichwani. Miaka 7 ikapita hakuna anayejua, mpaka 2002 mwandishi wa safu za vichekesho Dave Barry alipoiandika gazetini. Mimi naipenda hii siku kuliko nyingi, ina utani mzuri na haimuumizi mtu, ila ukisema ni ya UN umeshaidanganya hadhira yako na utani wenyewe umeuua, kwa sababu raha yake yote iko kwenye hiyo raketi.

Siku ya Taulo ndo ilinifikisha hapa. Mteja wangu mmoja wa Kariakoo, mama wa makamo anauza mashuka na taulo kwa jumla, kanitumia voisi saa kumi na mbili asubuhi tarehe 25 Mei: "Mwanangu, leo Siku ya Taulo Duniani, mbona hujaniambia, nimeshamwambia kijana wa kuprinti aweke ile nembo ya bluu yenye ramani." Nikampigia hapo hapo. Shikamoo mama, marahaba, mama simamisha hilo bango kwanza. Nembo ya UN inalindwa na azimio la Baraza Kuu la tangu Desemba 1946, haiwekwi kwenye tangazo la biashara bila idhini. Siku yenyewe ni ya mashabiki wa mwandishi Mwingereza Douglas Adams, alifariki 11 Mei 2001, wiki mbili baadae wakatembea na taulo kumkumbuka, maana kwenye hadithi zake msafiri wa angani hatakiwi kukosa taulo. Halafu 25 Mei ni Siku ya Afrika, siku OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilipozaliwa Addis Ababa mwaka 1963, na yeye kwenye bango la Afrika hakuwa amefikiria hata kidogo. Tukaweka rundo la taulo la njano na kijani, tukaandika ukweli kwamba huko ughaibuni leo kuna watu wanatembea na taulo begani, akapata maswali ya bei mpaka usiku.

Nyingine ninazoambiwa na wateja nazipitia haraka.

"Siku ya Wajinga unaruhusiwa kudanganya." Hakuna sheria iliyokupa hiyo ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, na haijaiacha pembeni 1 Aprili. Mteja anayetaka kutangaza ajali ya uongo "afu mchana tunasema ni utani", mimi simfanyii, atafute mtu mwingine.

"Siku ya Kiswahili ni Sabasaba tumeibadilisha jina." Hapana, ni siku mbili tarehe moja. Ya Kiswahili UNESCO iliitangaza Novemba 2021, ikaadhimishwa mara ya kwanza 7 Julai 2022. Hii weka bila wasiwasi.

"Siku ya Kicheko tuweke Kashasha, Watanzania tulicheka kwa furaha miezi." Hii inanikera kweli. Mwaka 1962 kwenye shule ya bweni ya wasichana Kashasha, kule Bukoba, hali ya kucheka bila kujizuia ilianza kwa wanafunzi watatu, ikafika 95 kati ya 159, na shule ikafungwa 18 Machi. Watoto walikuwa wanacheka na kulia, hawatulii, wengine wana hofu, mmoja mmoja ilimshika hadi siku 16. Wale walikuwa wagonjwa, msiwawekee emoji. Siku ya Kicheko imeanzia Mumbai 1998 kwa daktari Madan Kataria, na inaangukia Jumapili ya kwanza ya Mei.

"Siku ya Chai ni 15 Desemba." Hiyo ilikuwa ya nchi zinazolima chai, na sisi tulikuwemo. Mwaka 2019 UN ilipitisha azimio kwamba yake iwe 21 Mei. Wenye migahawa nitumieni picha kabla ya tarehe 18, chai yenu wenyewe, kwenye vikombe vyenu, na chapati iwe ya moto.